Mtoto kamaliza hela ya kikoba kwa dayamondi za Free Fire, nimzuie vipi?

mama_lishe_moro

Wadau, habari za leo. Naomba mnisome hadi mwisho kwanza, kunisema mtanisema baadaye.

Nauza chakula hapa Morogoro mjini, supu na chapati asubuhi, wali mchana. Hela yangu karibu yote inapita kwenye simu. Siku hizi hata bodaboda aliyekula supu ya elfu mbili anakwambia "mama nipe lipa namba". Ijumaa ndiyo siku yetu ya kikoba. Ijumaa iliyopita nafungua simu ninunue hisa, salio halifiki hata nusu ya ninachojua kipo. Nikajua nimetapeliwa. Nikakimbia kwa wakala, akanisaidia kutoa taarifa ya miamala.

Jamani. Vimuamala vidogovidogo: 2,500, 5,000, tena 2,500, kimoja cha 12,000. Vyote vinakwenda kwa jina la mwanaume nisiyemjua. Vyote saa tano, saa sita usiku, wakati mimi nimelala kama gogo kwa sababu saa kumi alfajiri natakiwa niwe nimewasha mkaa. Na meseji zake kwenye simu zimefutwa moja moja, kwa utulivu kabisa. Jumla 187,500.

Ni kijana wangu wa darasa la sita. Hakubisha sana. Akasema ananunua dayamondi, eti ndiyo hela ya ndani ya gemu la Free Fire. Nikamwambia nionyeshe hizo dayamondi. Akafungua gemu, nikaona mwanaume mwenye nywele nyeupe, koti jekundu linawaka moto mgongoni, begi lina mabawa. Ananiambia kwa fahari, "Mama, hili koti darasani tunalo wawili tu." Yaani mchele, mafuta na mkaa wangu vimenunua koti la mtu asiyekuwepo!

Maswali yangu: hela inarudi? Nizuie vipi asinunue tena? Simu anayochezea ni yangu ya zamani, na siwezi kuitupa kwa sababu kazi za shule zinatumwa kwenye grupu la wazazi na yeye ndiye anayenisomea. Baba yake ameshatafuta nyundo, nimemwomba asubiri nipate ushauri. Na likizo ya Desemba ndiyo hiyo inakuja.

mzee_wa_kilosa

Fimbo. Sisi tulicheza gololi na hakuna mzazi aliyefilisika.

mama_lishe_moro

Shikamoo mzee. Fimbo alikula Ijumaa hiyohiyo. Jumapili nimemkuta kwa jirani anacheza kwenye simu ya mwenzake. Ndiyo maana niko hapa.

wakala_tandika

Dada pole sana. Mimi ni wakala, kibanda changu Tandika kinatazamana na geti la shule ya msingi, kwa hiyo biashara hii naiona kila siku kuanzia saa tisa mchana kengele ikilia.

Huyo mwanaume usiyemjua ni muuza dayamondi. Wamejaa WhatsApp na Telegram, kila mmoja ameweka bei zake kwenye stetasi. Mtoto anatuma hela, anatuma na namba yake ya mchezaji, jamaa ananunua dayamondi kwa kadi yake na zinaingia kwenye akaunti ya mtoto ndani ya dakika chache. Mzigo umefika, mauzo yamekwisha. Ndiyo maana ukipiga huduma kwa wateja ukasema ulikosea namba, wakimuuliza atawaonyesha mazungumzo yote. Jaribu, ila hiyo hela usiipangie matumizi. Kitakachokusaidia ni kumpigia huyo muuzaji mwenyewe. Kuna mama wa hapa alimpigia, akamwambia kijana, huyo mteja wako wa usiku ana miaka kumi. Hela hakurudisha, lakini mtoto alimfungia, hakumuuzia tena.

Sasa nikuulize, usinikasirikie: namba ya siri aliipata wapi?

Nakuuliza kwa sababu naijua. Watoto wetu ndio makarani wa simu zetu. Mama mikono ina unga: "Hebu ninunulie umeme wa LUKU haraka, namba ya siri si unaijua?" Bibi haoni maandishi, anampa mjukuu amsomee salio. Baba kalala, mtoto anamtumia fundi hela. Kuna binti anakuja hapa, darasa la tano, anajua namba za siri za watu watatu na menyu zote anabonyeza bila kusoma, mimi mwenye kibanda sifikii kasi yake. Huyo hahitaji kuwa mwizi. Siku akitaka kitu cha 2,500, mkono unakwenda wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujagusa gemu, badilisha namba ya siri leo. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa humo ndani, watajaribu. Pili, tenga laini. Hiyo ya kupokelea hela za chakula iwe ya kwako peke yako na namba yake ya siri asiijue hata mumeo kama si lazima (samahani shemeji). Chukua laini nyingine ya matumizi ya nyumbani, weka humo hela ya LUKU na ya dharura kidogo, hiyo mtoto aendelee kutumwa nayo. Tatu, angalia kama hujajiunga na ile huduma ya kukopeshwa salio likiisha. Kama umejiunga, mtoto anaweza kumaliza hela yako halafu akaendelea na ya mkopo, na kesho mteja wa kwanza akilipa supu, deni linakatwa juu kwa juu.

Na usidhani namba ya siri inamaliza kila kitu. Wanakuja hapa na elfu moja ya chenji ya mkate imekunjwa ndani ya soksi: "Anko niwekee kwenye namba hii." Nikiangalia, namba ya mtu mwingine. Mimi nakataa, kwanza taratibu zetu hazituruhusu kumwekea mtu hela kwenye namba isiyo yake. Lakini si kila wakala anakataa.

La mwisho, hili ndilo linaloniogopesha kuliko hizo 187,500. Muuzaji wa kweli anahitaji namba ya mchezaji tu. Akitokea mtu anamwambia mtoto "nipe nenosiri la Facebook nikuingizie mwenyewe", au "nitumie zile namba sita zilizoingia kwa meseji ya mama, nikupe dayamondi za bure", huyo ni tapeli. Hizo namba sita ndizo zinazofungua WhatsApp yako, na kesho yake wateja wako wote wanaombwa hela kwa jina lako. Mweleze kijana hilo leo, hata kama hamsemeshani. Namba ya tapeli iripoti 15040.

mama_lishe_moro

Wakala umenigusa pale pa LUKU. Lakini niambie, nikiwa nasukuma chapati na foleni ya watu sita, nani ataninunulia? Hilo la laini mbili nimelielewa, simu yangu inaingia laini mbili na ya pili nilikuwa nimeiacha tu.

Ila sijaelewa kitu kimoja. Mtoto wangu si mlafi. Ukimpa mia tano ya shule anarudi na mia mbili. Inakuwaje anamaliza laki na themanini?

kamanda_wa_chuga

Mama shikamoo. Nina miaka 21, Free Fire nimecheza tangu kidato cha pili na nimeliwa sana tu, kwa hiyo hapa naongea kama mtaalamu.

Gemu lenyewe ni la bure na linakubali hata kwenye simu ya bei ndogo, ndiyo maana huku kwetu limeingia kila nyumba. Hela wanaipatia kwingine. Koti kama hilo mara nyingi haliuzwi dukani kwa bei moja. Linawekwa kwenye gurudumu. Kuna zawadi kumi, unaambiwa ondoa mbili usizozitaka, zinabaki nane. Kuzungusha mara ya kwanza ni dayamondi 9. Rahisi kabisa. Mara ya pili 19. Halafu 39, 69, 99, 149, 199, na ya mwisho 499. Zawadi iliyotoka hairudi tena, kwa hiyo ukivumilia mpaka ya nane koti lazima uchukue.

Jumlisha zote mama: 1,082. Ukinunua kwa bei ya kawaida hizo ni karibu dola 10. Kijana wako hakukaa akaamua kununua koti la dayamondi 1,082. Aliamua kuzungusha kwa 9. Akifika mara ya tano ameshatumia 235, mkononi ana rangi ya kuchora ukutani na tiketi za kijinga, koti bado. Akiacha hapo amepoteza zote. Na gurudumu lina tarehe ya kuondoka, linaandika siku zilizobaki. Hapo ndipo saa sita usiku anapoanza kuitafuta simu ya mama. Na likiisha hilo wiki inayofuata linakuja lingine, na begi lenye mabawa.

Usisahau na shule. Asiye na skini, yaani mavazi na mapambo ya kwenye gemu kama hilo koti, anaitwa nubu, mgeni asiyejua kitu, hapewi nafasi kwenye kikosi. Na baadhi ya skini za bunduki zinaongeza nguvu kidogo kwenye mchezo, kwa hiyo si mapambo matupu. Sisemi kwamba amefanya vizuri. Nasema tu si ulafi wa pipi.

Ushauri wangu: kaa naye akuonyeshe hilo gurudumu, mpigie hesabu hiyo ya 9 mpaka 499 kwenye karatasi, kwa shilingi. Mimi hakuna mtu aliyewahi kunipigia hiyo hesabu mpaka nilipoanza kutafuta hela yangu mwenyewe.

Kitu kingine, mechi haina kitufe cha kusimamisha. Wanaingia watu 50, inachukua kama dakika kumi na kitu. Ukimwita "acha sasa hivi" akaondoka, wenzake wa kikosi wanabaki wanapigwa na kesho wanamtukana. Sema "ukimaliza hiyo, weka simu chini". Akianzisha nyingine, hapo ndiyo ugomvi wa haki.

baba_wawili_mombasa

Dada, pole kutoka pwani ya Kenya. Wenzangu wameeleza mlango wa nje, yaani hao wauzaji. Kuna mlango wa ndani pia, nao ni Play Store yenyewe. Kwangu ilikuwa binti wa miaka tisa na gemu la Roblox. Simu yangu nilikuwa nimeiunganisha na pesa za simu ili nilipie programu moja ya kazi, na yeye akagundua kwamba ukibonyeza mara mbili unapata Robux, hela ya gemu hilo.

Fungua Play Store, gusa kile kiduara chenye herufi ya jina lako pale juu, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya kuthibitisha ununuzi. Weka idai nenosiri kila unaponunua, si kila baada ya nusu saa. Ile ya nusu saa ndiyo mtego: unanunua kitu chako halali, unampa mtoto simu achezee, na mlango bado uko wazi. Kisha ingia Malipo na usajili, futa kadi au laini yoyote iliyohifadhiwa. Na usije ukasajili alama ya kidole cha mtoto kwenye simu eti akufungulie haraka. Kidole hicho hicho ndicho kinacholipa.

Kwa mtoto chini ya miaka 13 bora afunguliwe akaunti yake chini ya yako kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi, ni ya bure. Akitaka kununua, ombi linakuja kwako kwanza, na unaweza kuweka saa ya simu kujifunga usiku. Ila jua mipaka yake: inazuia yale yanayolipiwa kupitia Google. Yule jamaa wa WhatsApp haimgusi hata kidogo.

Kuhusu kurudishiwa: kama kuna chochote kilinunuliwa ndani ya Play Store, omba mapema. Ndani ya saa 48 ndiyo rahisi zaidi, na kuna fomu ya kueleza kwamba mtu wa familia alinunua kwa bahati mbaya. Mimi niliomba siku ileile na nikarudishiwa. Kwa zile zilizopita kwa muuzaji, wakala amekwambia ukweli.

Na wenye Roblox: mzazi ukiunganisha akaunti yako na ya mtoto unaweza kuweka kiwango cha juu cha matumizi kwa mwezi. Nimeweka. Binti amenuna siku mbili, ya tatu akaomba tufanye hesabu anunue nini.

bi_mkubwa_unguja

Mimi nasema litajwe kwa jina lake. Kuzungusha gurudumu kwa fedha ukitarajia kupata ni kamari. Hapa Tanzania mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza michezo ya kubahatisha, ukimkuta kwenye kibanda cha kubeti watu wazima watamfukuza. Lakini gurudumu lilelile likiwa kwenye simu na limepakwa rangi, tunamnunulia bando tukimwambia tulia usisumbue wageni. Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi kwamba masanduku ya bahati ya kwenye magemu, yale unayolipia bila kujua ndani kuna nini, ni kamari, na kampuni zikalazimika kuyaondoa kule. Mwanangu mimi nimemruhusu kucheza, mechi zake mbili baada ya alasiri. Gurudumu hapana, hata kwa dayamondi alizopewa bure.

mama_watatu_minnesota

Bi mkubwa naunga mkono. Huku Marekani serikali yenyewe iliingilia. Desemba 2022 kampuni ya Epic, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 zirudishwe kwa wateja, kwa sababu vitufe vilipangwa vibaya kiasi kwamba mtu anabonyeza tu na kadi inakatwa, watoto walinunua bila wazazi kujua. Kwa hiyo dada usijione mzembe, wamekwama watu wenye mabenki.

Mimi kadi yangu haipo kwenye kifaa chochote cha watoto. Kila mmoja ana kadi ya zawadi ya dola 10 ninayonunua dukani, ikiisha imeisha. Wa mwisho aliimaliza siku ya kwanza akalia. Sikuongeza.

mzee_wa_kilosa

Nimesoma hayo ya 9 mpaka 499. Huyo aliyetunga hilo gurudumu ndiye wa fimbo.

mama_lishe_moro

Nimerudi wadau. Asanteni, hata wewe mzee.

Namba ya siri nimebadilisha. Laini ya chakula ni yangu peke yangu, ile ya pili nimeweka elfu kumi ya LUKU na anaendelea kutumwa. Nilimpigia muuzaji. Kumbe ni kijana wa chuo, sauti ndogo, akasema "mama mimi nilijua ni mtu mzima maana analipa vizuri". Hela hakurudisha, kama mlivyosema, lakini namba ya mwanangu amefunga na kanitumia orodha yote aliyomuuzia. Imefanana na taarifa ya miamala mpaka senti, nikashangaa.

Hesabu ya kamanda tumeifanya nyuma ya daftari la madeni ya wateja. Alipofika kwenye 499 alinyamaza, halafu akaniambia begi lenye mabawa alilipata kwenye gurudumu la pili, na hata hakulitaka, alikuwa anatafuta bastola.

Family Link nimeshindwa kuiweka, inadai simu mbili ziwe na bando kwa pamoja na mimi nachanganyikiwa njiani. Baba yake kasema atalishughulikia Jumapili, nyundo karudisha. Gemu sijakataza. Atacheza jioni akimaliza kuosha sufuria, mechi mbili, na simu inalala chumbani kwangu. Deni atalilipa likizo, kila siku atakayonisaidia kibandani namkatia 3,000 kwenye daftari lilelile.

Sasa kamanda, nina swali. Baba yake anauliza: hiyo akaunti yenye koti, haiwezi kuuzwa tukapata hata elfu hamsini?

kamanda_wa_chuga

Hahaha, mama! Watu wanaziuza, sitakudanganya. Lakini sheria za gemu haziruhusu, na nusu ya hao wanunuzi ni matapeli: unawapa akaunti, hela huioni. Au wanalipa, halafu kwa kuwa imefunguliwa kwa Facebook ya kijana wako, wanataka na Facebook yenyewe, yenye picha zenu na marafiki wote. Mwambie baba yake aiache. Nyinyi hakikisheni tu hiyo Facebook ina nenosiri ambalo kijana hajawapa wenzake darasani, maana akaunti yenye koti hilo wataitafuta.

mama_lishe_moro

Nimemwuliza hapa hapa. Wanalijua wanne.